Ndoa ya Korongo Taji na Mfukoshingo

Kisa hiki hakikutokea kwenu. Msomaji akianza kuchungulia dirishani na kuwatazama mawaziri wake kwa jicho la pembeni, hayo ni yake na dirisha lake. Mimi nasimulia habari za Tambarare, nchi ambayo kila kitu ni tambarare isipokuwa barabara.

Watambarare walikuwa na ndege wa taifa, korongo taji. Ukimwona mara moja huulizi kwa nini alichaguliwa. Ni mrefu, shingo ya kijivu, mashavu meupe, na kichwani ana taji la manyoya ya dhahabu yaliyosimama wima kama mtu aliyepata habari njema akiwa bado hajachana nywele. Asubuhi hucheza. Huinama, huruka juu, hukunjua mabawa, na mwenzake humjibu hatua kwa hatua. Watambarare walimpenda mno. Walimchora kwenye bendera, kwenye noti, kwenye kofia za polisi, kwenye madumu ya mafuta ya kula na kwenye milango ya vyoo vya Ikulu. Ikawa korongo taji yuko kila mahali isipokuwa porini. Huko porini walibaki wachache tu, wote katika kinamasi kimoja kinachoitwa Litamba, maana vinamasi vingine vilikwisha kugeuzwa vitu vya maana zaidi, kama vile maegesho ya magari.

Ndege wa pili hakuchaguliwa na mtu. Huyu ni mfukoshingo. Ana upara, ana ngozi nyekundu iliyokunjamana, ana mfuko wa nyama unaoning'inia mbele ya kifua, na mabawa yake meusi huyafunga nyuma kama mikono ya bwana anayekagua kazi ambayo yeye hataifanya. Anaishi jalalani na machinjioni. Jua likichoma hujinyea miguuni ili apoe, na miguu ikageuka myeupe. Katika mji mkuu mifukoshingo walikuwa wengi kuliko wapiga kura, na kila uchaguzi ulipofika tofauti hiyo ilisaidia sana.

Mtu aliyelipwa na serikali ili ajue habari za ndege hawa wawili aliitwa Dokta Somoe Nambunga, Afisa Ndege Mkuu. Alizaliwa Litamba, ukingoni mwa kinamasi chenyewe, na mama yake alipofariki akalelewa na mjomba. Alisoma, akavuka bahari, akarudi na shahada na koti la kijani lenye nembo ya korongo kifuani. Hakuzaliwa mwoga. Woga alipewa ofisini pamoja na kiti kinachozunguka, na kiti cha namna hiyo kina faida yake: jambo baya likitokea huku, wewe unazunguka unatazama kule.

Lakini kulikuwa na sheria moja iliyomruhusu Somoe kulala usingizi. Ilisema kwamba mahali anapoishi ndege wa taifa, akiwa hatarini kutoweka, jembe lisiguse udongo. Bunge liliipitisha siku moja baada ya chakula cha mchana kizito, na lilipozinduka ilikuwa imekwisha kusainiwa. Hiyo ndiyo iliyokilinda kinamasi cha Litamba.

*

Waziri wa Maliasili na Matumizi Yake, Mheshimiwa Anselmi Gwandumi, alimwita Somoe akamkaribisha kwa chai na maandazi. Somoe alipoyaona maandazi alijua mambo yameharibika.

"Dokta, tumepata heshima," Waziri alisema. "Mkutano wa Marafiki wa Ndege Duniani unakuja kwetu. Na tutapewa tuzo, ile ya Nchi Iliyookoa Ndege Wake."

"Hongera, Mheshimiwa."

"Sasa wageni hao hawawezi kukaa juani. Tunahitaji ukumbi, hoteli, na mahali pa kuchezea gofu. Wataalamu wangu wamezunguka nchi nzima na wameona kiwanja kimoja tu kinachofaa."

Somoe aliuliza ni wapi.

"Litamba," Waziri alisema, akachukua andazi. "Ila kuna hiyo sheria ya jembe. Hebu nilinganishie hawa ndege wawili, huyu wa bendera na yule wa jalala. Kwa kifupi, mimi si msomi wa maneno marefu."

Somoe akalinganisha. Alisema kwamba ni ndege wa koo mbili zilizoachana zamani mno, kabla hata ya binadamu kuwepo. Korongo taji ndugu zake ni wale wanaolia kama tarumbeta. Mfukoshingo ndugu zake ni wenye midomo mizito, na yeye mwenyewe sauti hana, hugonga mdomo tu.

"Hana sauti kabisa?"

"Karibu hana, Mheshimiwa."

"Ndege mwenye nidhamu," Waziri alisema kwa upendo. "Endelea."

Akaendelea. Korongo taji anapatikana mashariki na kusini mwa bara, penye majani na maji, hutaga ndani ya matete, na usiku hulala mitini. Mfukoshingo anapatikana karibu kote kusini ya jangwa kuu, popote penye mizoga au binadamu. Korongo taji yuko hatarini kutoweka. Mfukoshingo hana shida yoyote, ni tele.

"Hapo ndipo tulipokosana," Waziri alisema. "Mimi sina ugomvi na ndege, nina ugomvi na hilo neno hatarini. Linatia aibu mbele ya wageni. Tukiwajumlisha je?"

"Hawajumlishiki, Mheshimiwa. Ni ndege mbalimbali."

"Wakioana?"

Somoe alitaka kuzunguka atazame upande mwingine, lakini kiti cha mgeni cha ofisi ya Waziri kilikuwa na miguu minne na hakikwenda popote. "Hawawezi kuoana," alisema.

"Hawawezi kisheria au kimaumbile?"

"Kimaumbile."

"Ah, ulinitisha," Waziri alisema, akafuta sukari mdomoni. "Basi hakuna kizuizi."

Msomaji asicheke haraka. Katika Tambarare hakukuwa na jambo lililoshindikana likishavishwa nguo za harusi. Mikoa miwili iliyogombania mto iliozwa, na mto ukawa mahari. Chama tawala kilimwoa mpinzani wake mkubwa, na mpinzani hakusikika tena, kama ilivyo kwa bibi harusi mwenye adabu. Hata shirika la umeme liliwahi kuozwa kwa shirika la maji, na tangu siku hiyo yakikatika hukatika pamoja.

*

Ikaundwa Tume ya Posa ya Taifa. Mshenga aliteuliwa Balozi mstaafu Zefania Kilangi, mtu aliyewahi kuiwakilisha Tambarare katika nchi saba bila kujua lugha ya hata moja. Alivaa kanzu, koti la suti na kofia ya kitambaa, ili asikosane na upande wowote.

Mila ya ndoa, alivyoieleza Balozi, ilikuwa nyepesi na nzuri. Mke akiolewa huingia ukoo wa mume, huhamia kwa mume na huhesabiwa kwa mume. Kwa hiyo mfukoshingo akimwoa korongo taji watakuwa ukoo mmoja, makazi yao yatakuwa jalalani, na idadi yao itakuwa tele. Neno hatarini litakufa lenyewe bila mtu kulipiga. Na Litamba itabaki nyumba iliyohamwa, na nyumba iliyohamwa jembe haliiogopi.

Lilibaki swali moja, nani mume na nani mke.

"Waheshimiwa," Somoe alisema, "katika kila aina ya ndege hawa kuna madume na kuna majike."

"Dokta asituletee mambo ya chumbani," Balozi alimkemea. "Hapa tunazungumzia ndoa."

Wajumbe walijadiliana kwa uchungu wa nchi. Mmoja alisema mfukoshingo ana upara na kifua, husimama kutwa bila kazi, na chakula kikifika hula wa kwanza. Kama huyo si mume, yeye mjumbe hajui nani mume. Mwingine alisema korongo taji amejipamba tangu utosini, hutembea kwa maringo na hucheza pasipo ngoma, kwa hiyo mambo yako wazi. Ikapitishwa kwa kauli moja. Mwanamke alikuwa Somoe peke yake, na alipofungua mdomo apinge, katibu wa Tume aliandika kwamba amepiga vigelegele.

Kwa kuwa alizaliwa Litamba, wakamfanya mwakilishi wa upande wa mke, wakamletea karatasi asaini. Alisaini, na mimi simpaki msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliona aibu. Alikuwa anajua kila kitu kuhusu ndege hao, na mkono wake ukaandika jina lake vizuri kabisa, na mkia wa herufi ya mwisho ukapinda kwa madaha.

*

Alikwenda Litamba kuaga, ingawa hakujua anakwenda kuwaaga ndege, mjomba au nafsi yake.

Mjomba Chilumba alikuwa mgomvi mashuhuri. Alisuka mikeka ya matete, alivaa koti bila shati, na alikuwa na bata sita ambao amegombana nao mmoja mmoja, kwa majina. Kinamasi kilikuwa mbele ya kibaraza chake. Korongo walikuwa wakicheza kwenye majani mafupi ng'ambo ya maji, na yeye amewapa mgongo, anamkaripia bata.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekonda. Hiyo serikali yako haikulishi?"

Somoe akamweleza yote: mkutano, ukumbi, ndoa, sahihi. Alitegemea mzee atalia au atamlaani, na alikuwa tayari kwa lolote. Chilumba aliweka matete chini.

"Huyo mshenga," alisema polepole, "alipokelewa na nani?"

"Na Tume, mjomba."

"Tume ni mjomba wa nani?"

"Si mjomba wa mtu."

"Basi hakuna posa hapo! Wale ndege ni wana wa kinamasi hiki, kinamasi hiki ni cha mama yako na mama yake, na mjomba ni mimi. Mtu anaozesha binti za watu na mjomba yuko hai, anasuka mikeka? Au nimekufa mmenificha?" Alisimama, bata wakakimbia. "Na tangu lini binti wa Litamba akahamia kwa mume? Tangu lini, Somoe? Baba yako alitoka wapi?"

"Alitoka nyanda za juu, akahamia hapa."

"Akajenga. Akalima. Tukamtazama tabia misimu miwili ndipo tukamwita mkwe. Kwetu mwanamume ndiye anayefunga mzigo. Na haji mikono mitupu! Chakula chake aje nacho mwenyewe, sisi hatufugi wakwe."

Somoe alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo na koti lake la kijani. Kumbe mila waliyoisoma Tume ilikuwa ya Balozi na ya kina Waziri, watu wa nyanda za juu ambako mke ndiye anayehama. Hakuna aliyekuwa ameuliza mila ya upande wa mke. Na Waziri alikuwa ametangaza redioni, kwa sauti ya kutetemeka, kwamba ndoa hii itafuata mila neno kwa neno.

"Mjomba, una shati?" aliuliza.

"La nini?"

"Unakwenda harusini."

*

Harusi ilifanyika uwanja wa taifa. Bwana harusi alikamatwa machinjioni na askari wanne, akavalishwa tai ya kipepeo. Bibi harusi alikuwa wa makumbusho, aliyekaushwa na kujazwa pamba tangu enzi za watawala wa zamani, maana wa Litamba hawakukubali kukamatwa. Waziri alieleza kwamba ukimya wa bibi harusi ni haya. Katikati ya wimbo wa taifa bwana harusi alijinyea miguuni, na Waziri akaeleza kwamba hizo ni soksi.

Jukwaani aliketi Mtukufu Rais, Baba Mlezi wa Mila na Desturi, cheo alichojipa mwaka ule aliposhindwa kupata kingine ambacho hakuwa nacho. Balozi Kilangi akahutubia.

"Mtukufu! Ndege na ndege wamekutana, na pale ndege wanapokutana, wakutana kama ndege! Leo korongo taji anatoka katika umaskini wa idadi, anaingia katika utajiri wa idadi! Anatoka majini, anakwenda kwa mumewe, jalalani, ambako hatakosa kitu!"

Uwanja ukashangilia, kwani walioshangilia walipewa soda. Ndipo mshereheshaji, akifuata ratiba, akauliza kama upande wa mke una neno. Ilikuwa ni desturi tu kuuliza. Katika historia ya Tambarare upande wa mke haukuwahi kuwa na neno.

Somoe alisimama. Alimshika Mjomba Chilumba begani, na mzee, aliyevaa shati la kuazima linalombana, alisimama naye.

"Mtukufu Baba Mlezi wa Mila," Somoe alisema, "upande wa mke unashukuru. Waziri wetu ameahidi mila neno kwa neno, na mjomba wa bibi harusi huyu hapa, hajapinga. Ila mila ya Litamba, tangu Litamba iwepo, ni kwamba mume ndiye huhamia kwa mke. Huja yeye, hukaa ukweni, na ukweni huheshimiwa, haguswi mtu wala udongo. Na mume haji mikono mitupu! Chakula chake huja nacho mwenyewe!"

Wanawake uwanjani walipiga vigelegele vya kweli, bila soda. Waziri akamwinamia Rais sikioni, lakini alichelewa. Mtukufu alikuwa ameusikia umati, na hakuna kitu alichokipenda kama sauti ya umati. Alisimama, fimbo mkononi.

"Mila ni mila," alisema. "Natamka kwamba Litamba kuanzia leo ni Ukweni wa Taifa. Asiguse mtu. Mume ahamie kwa mke. Na aende na chakula chake, kama alivyosema huyu binti!"

Somoe alibebwa juu juu. Mjomba Chilumba alibebwa pia, akigombana na waliombeba kwamba wanamchania shati la watu. Waziri Gwandumi alipiga makofi huku uso wake ukiwa kama wa mtu aliyemeza nzi mbele ya wakwe. Usiku ule Somoe alilala usingizi mzito, na mimi namfurahia, kwa sababu ulikuwa wa mwisho.

*

Tatizo ni kwamba mifukoshingo hawakuhama.

Walisomewa tamko kwa vipaza sauti. Walipelekewa askari, wakawatazama askari kwa jicho la mwenye nyumba. Walipelekewa mabasi yenye mapambo, wakatua juu ya mabasi wakayaharibu rangi. Ikawa mwezi unapita, na tamko la Mtukufu halijatekelezwa na ndege hata mmoja, jambo ambalo kwa Tambarare lilikuwa ni uhaini.

Ni Waziri aliyepata dawa. Alisema bwana harusi hafuati amri, anafuata tumbo, na kwamba jibu lilikuwa limekwisha kutolewa uwanjani mbele ya taifa zima. Kesho yake malori ya manispaa yalielekea Litamba, mamia, yamesheheni taka za mji mzima chini ya turubai: matumbo ya machinjioni, maganda, nepi, machungwa mabovu, viatu vya mguu mmoja. Juu yao, angani, wametanda mifukoshingo, wanahamia ukweni.

Somoe alikimbilia ofisini kwa Waziri akaingia bila kubisha hodi.

"Mheshimiwa, mnamwaga taka kwenye kinamasi!"

"Taka?" Waziri aliumia moyo. "Hicho ni chakula cha mkwe. Chakula chake aje nacho mwenyewe. Nani alisema hivyo, Dokta? Sikumbuki vizuri, nikumbushe."

Somoe alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Sheria inasema jembe lisiguse udongo," Waziri aliendelea kwa upole. "Kaangalie. Hakuna jembe. Udongo wenyewe hauonekani hata ukitaka kuugusa."

Akaenda. Harufu ilimpokea mbali. Mjomba Chilumba alikuwa kibarazani, amejifunga kitambaa puani, na mifukoshingo wamesimama mstari mbele ya nyumba yake, mikono nyuma, wanakagua. Matete yalikuwa yamelala chini ya chakula cha mkwe. Bata sita walikuwa ndani ya nyumba, na kwa mara ya kwanza mzee hakuwagombeza.

"Mjomba," Somoe aliita.

"Mkwe amefika, mpwa wangu," Chilumba alisema. "Na kweli, hakuja mikono mitupu."

"Korongo wako wapi?"

Mzee alinyoosha mkono kuelekea mtoni, kwenye mpaka. "Waliondoka juzi asubuhi, wote. Mimi nimezaliwa hapa na nitafia hapa, na sijapata kuona mwanamke wa Litamba akimwachia mume nyumba ya mama yake."

Alisema hivyo bila kumtazama. Somoe angependa zaidi kama angemtukana.

*

Taka zikishindiliwa vizuri hukauka, na juu yake panajengeka. Ukumbi ulikamilika kwa wakati. Marafiki wa Ndege Duniani waliketi humo wakasoma takwimu: ndege wa taifa wa Tambarare, akihesabiwa pamoja na ukoo wa ndoa, ameongezeka kuliko ndege yeyote katika historia ya ndege. Mwenyekiti wa Marafiki, mama mmoja mwenye darubini shingoni, aliuliza kwa adabu kama wanaweza kumwona bibi harusi.

"Wako fungate," Waziri alisema, ukumbi ukacheka kwa furaha, akakabidhiwa tuzo.

Habari za tuzo zilivuka mto. Huko ng'ambo kulikuwa na nchi inayoitwa Mtelemko, ambayo haikuwahi kuwa na Wizara ya Ndege, na ndiyo maana ilikuwa na ndege. Wakuu wa Mtelemko waliona wivu. Wakaomba Tambarare iwaazime mtaalamu mmoja awafundishe namna ya kuokoa, na Waziri Gwandumi, ambaye hakuwa na kinyongo na mtu aliyemjengea ukumbi, akampendekeza Dokta Somoe Nambunga.

Walimpokea kwa ngoma, wakamtembeza kwa miguu asubuhi na mapema mpaka kwenye bonde moja lenye umande. Hapo walikuwepo, korongo taji wa Litamba, wote. Walikuwa wakicheza. Mmoja anainama, mwenzake anaruka, mabawa meupe kwa meusi, kana kwamba duniani hakuna kitu kinachoitwa ratiba. Somoe alisimama akalia waziwazi mbele ya wenyeji wake, na wenyeji waliona fahari kwamba mtaalamu ameguswa.

"Dokta," kiongozi wa msafara alisema, kalamu tayari, "tuanze na nini?"

"Msianze."

"Samahani?"

"Ushauri wangu wa kwanza na wa mwisho. Msianze chochote. Rudini nyumbani, msahau njia ya kuja hapa."

Waliandika kwa heshima kubwa. Wakasogea kando, wakateta, wakarudi wamechangamka. Walikuwa wameelewa. Walikuwa wameunda, palepale, Tume ya Kutoanza, yenye mwenyekiti, makamu na wajumbe, na kwa kuwa kutoanza ni kazi nzito, Tume itahitaji makao yake karibu na ndege wenyewe ili ihakikishe kila siku kwamba hakuna kilichoanza. Mmoja alikuwa ameshaanza kupima bonde kwa hatua.

Somoe alimtazama yule anayepima. Safari hii hakukuwa na kiti cha kuzunguka wala upande mwingine wa kutazama. Akavua koti lake la kijani lenye nembo ya korongo, akalishika mikono yake yote miwili, akaanza kukimbia.

Alikimbia moja kwa moja kuelekea kwa korongo, akilipeperusha koti juu ya kichwa na kupiga kelele alizozisikia kwa mjomba wake kila siku ya utoto wake, zile za kufukuzia bata. "Ondokeni! Ondokeni hapa! Msikae karibu nasi!" Aliteleza kwenye umande, akaanguka, akainuka. Korongo waliacha kucheza, wakamtazama, kisha wakaruka wote kwa pamoja, wakalia ile sauti yao ya tarumbeta, wakapita juu ya wajumbe wa Tume na kalamu zao, juu ya mto, juu ya mlima, wakaendelea mpaka hata darubini zisingewafuata.

Aliporudi nyumbani alitakiwa, kama kila mwaka, kuwasilisha ulinganisho wake wa ndege wawili. Habari za mfukoshingo alizijaza kwa usahihi wote, hata soksi. Kwa korongo taji aliandika maneno machache, na Waziri aliyasoma mara nyingi bila kupata mahali pa kuyashika.

Ukoo: wao wenyewe. Wanakopatikana: sijui. Hali: kwa sababu hiyo, salama.